Kutega na Kutegua

Upo mchezo usio na ubao wala mshindi. Watu wanne au watano huketi kuizunguka meza. Mmoja wao hueleza mahali, na waliobaki humjibu watafanya nini mahali hapo. Asema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika, na usiku waingia." Mmoja ajibu kuwa atatafuta mtumbwi, wa pili kuwa ataogelea, wa tatu kuwa atalala papo hapo mpaka kupambazuke. Jambo lililo hakika hutendeka bila ya kuamuliwa. Lililo la shaka huamuliwa kwa dado. Hivyo ndivyo ulivyo mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa katika 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani, na ndivyo ilivyo michezo mingi iliyozaliwa nao baadaye.

Nimekuwa mwamuzi wa mchezo huo kwa miaka kadha. Nataka kueleza kosa moja nililolifanya nikiwa juu ya kiti hicho. Huenda msomaji akauliza kosa la mchezoni lina uzito gani hata liandikiwe insha. Jibu langu ni kwamba kiti cha mwamuzi, hata kikiwa mezani pa watu watano, ni kiti cha mamlaka. Na mtu apewapo mamlaka juu ya mambo madogo, hujifunua upesi kuliko apewapo makubwa, maana hana hofu ya kutazamwa.

Jina la mwamuzi lina ukoo wa zamani kuliko mchezo wenyewe. Katika 1824 ofisa mmoja wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wa vita wa kuwafundishia maofisa wenziwe, wenye ramani, vipande vya kuonyesha majeshi, dado, na mwamuzi aliyesimama baina ya pande mbili. Katika 1876 Julius von Verdy du Vernois alishauri kwamba majedwali na dado viwekwe kando, na mwamuzi aliyeijua vita aamue kwa akili yake. Katika 1969, huko Minnesota, David Wesely aliwaita marafiki zake kucheza vita, lakini badala ya kumpa kila mmoja jeshi, akampa kila mmoja mtu mmoja wa kumwigiza, mwenye haja zake na siri zake. Arneson alikuwa miongoni mwa waliocheza. Akaanza mchezo wake mwenyewe, uliojulikana kwa jina la Blackmoor, kisha akashirikiana na Gygax, mkazi wa Lake Geneva, Wisconsin. Vitabu vitatu vidogo vilivyotoka katika sanduku la 1974 bado vilimwita mwenye kusimulia kwa jina la mwamuzi. Basi kazi hii imerithi mambo mawili yasiyopatana vizuri: haki ya hakimu na uhuru wa msimulizi. Mwamuzi ndiye mvua na ndiye jua. Ndiye mwenye nyumba, na ndiye mwizi anayeivunja. Lisemwalo naye huwa, na lisilosemwa naye halipo.

Nilikuwa mwanafunzi katika mji wa Madison, Wisconsin, mji usio mbali na huo wa Lake Geneva, na kila usiku wa Alhamisi tulikutana katika chumba changu. Wachezaji walikuwa wanne. Wa kwanza alikuwa muuguzi wa hospitali, mwanamke wa miaka arobaini hivi, aliyekuja mara nyingi moja kwa moja kutoka kazini, viatu vyake vyeupe vikiwa bado miguuni. Wa pili alikuwa kijana mwanafunzi wa hesabu. Wa tatu alikuwa mzee aliyestaafu ualimu. Wa nne alikuwa dada mmoja kutoka Mombasa, mwanafunzi kama mimi, ambaye kwa ajili yake tu nilipata kusema Kiswahili juma hata juma.

Yafaa nieleze desturi, maana bila ya desturi ajabu haionekani. Katika vitabu vya 1974 mchezaji aliweza kuchagua namna tatu tu za mtu: mpiganaji, mchawi, au kasisi mwenye uwezo wa kuponya. Mwizi aliongezwa katika 1975, na wengine wakafuata. Kitabu cha 2014, tulichokitumia sisi, kina namna 12. Lakini namna zizidipo, desturi hubaki: msafara hutazamiwa uwe na mtu wa upanga mbele, mponyaji nyuma yake, mwerevu wa kufuli na mitego pembeni, na mwenye uchawi katikati. Safari nyingi zilizopigwa chapa huandikwa kwa kudhania msafara wa namna hiyo.

Wachezaji wangu hawakufuata desturi. Muuguzi alijifanya mganga wa hekalu aliyekula kiapo cha kutoondoa uhai wa kiumbe. Dada wa Mombasa alijifanya manju, silaha yake ulimi. Kijana wa hesabu akawa mjuzi wa misitu asemaye na wanyama. Mzee akawa mwizi aliyetubu, asiyechukua tena kitu cha mtu ila bado aweza kufungua kila kufuli. Na walipoona jinsi walivyokutana, wakaafikiana kwa kicheko kwamba kiapo cha mganga kiwe kiapo cha wote. Wakaniletea karatasi zao: watu wanne, na baina yao hapana upanga hata mmoja.

Nami nilicheka pamoja nao, lakini moyoni niliudhika. Nilikuwa nimeandaa safari ya mapango na vita kwa muda wa majuma mengi. Niliona kama mwenye arusi aliyechinja ng'ombe kisha wageni wakamwambia kuwa hawali nyama. Badala ya kusema hivyo waziwazi, nilijiambia neno ambalo wenye mamlaka hulisema siku zote: kwamba watu hawa wanahitaji kufundishwa. Ulimwengu ni mkali, nikasema; hauwasubiri wasio na silaha. Nitawapa jaribu.

Jaribu langu lilikuwa mazimwi mawili. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa zimwi, maana amelisikia tangu utotoni. Na zimwi la vitabu vya mchezo huu ni ndugu yake, jitu kubwa lenye rungu na njaa. Lakini hebu nitoe hesabu, kwa sababu udanganyifu wangu ulijificha ndani ya hesabu. Msafara wangu ulikuwa wa watu wanne wa daraja la tatu. Kwa kanuni za 2014, pambano la msafara kama huo huitwa gumu likifika thamani ya 900, na la mauti likifika 1,600. Zimwi moja lina thamani ya 450. Mawili ni 900, na kwa kuwa yako pamoja thamani huzidishwa kwa moja na nusu, ikawa 1,350. Gumu, lakini si la mauti. Kwa mujibu wa kitabu sikumdhulumu mtu. Mhasibu yeyote angeyakagua mahesabu yangu akayatia sahihi.

Lakini mimi sikuchagua mazimwi kwa ajili ya thamani yake. Niliyachagua kwa sababu niliwajua wachezaji wangu. Nilijua kuwa manju anao uganga wa kulaza usingizi, na kwamba uganga huo hurusha dado tano za pande nane, au saba kama ukitiwa nguvu zaidi. Na saba hata zikiangukia zote juu ya nane hazipiti 56, ilhali zimwi lina uhai wa 59. Nilijua kuwa mganga anao uganga wa kutuliza hasira, nao huwapata watu tu, si majitu. Nilijua kuwa njia ya nyuma ilikuwa daraja, nikalivunja mara walipokwisha kulivuka. Kila mlango waliokuwa nao niliuziba kwanza, kisha nikawaita waingie.

Walifanya yote waliyoyaweza. Manju akaimba, mazimwi hayakulala. Mganga akainua mkono, hasira haikutulia. Mjuzi wa misitu akamwita mnyama amsaidie; nikasema kuwa wanyama wote wamekimbia. Ndipo mzee akasema kwa upole wake, "Mimi naweka mzigo wangu chini na kuyauliza mazimwi haya yanataka nini." Nami nikamjibu bila ya kufikiri: "Hayasikii lugha yako."

Maneno hayo matatu ndiyo kosa lenyewe. Kitabu kilikuwa mbele yangu, na kitabu chasema kwamba zimwi, ijapokuwa akili yake ni ndogo, husema lugha ya watu. Nilijua. Mlango mmoja ulikuwa umebaki wazi, nao sikuuona mpaka mzee aliponyosha mkono kuufungua. Nami nikauziba kwa uongo.

Baada ya hapo zilibaki dado tu. Zimwi hurusha dado ya pande 20, na juu ya kinga walizokuwa nazo hupata katika sura 13 za 20. Pigo lake moja kwa wastani huondoa uhai wa 13, na hapana mmoja wao aliyekuwa na uhai uliozidi 24. Mjuzi wa misitu akaanguka. Mganga akamkimbilia, akamwinua kwa uganga wake wa mwisho, naye akapigwa akaanguka mahali pake. Kanuni ni kwamba aliyeanguka hurusha dado kila zamu: akipata 10 au zaidi, amesogelea uhai, akipata chini ya hapo, amesogelea kaburi, la tatu la upande wowote huamua. Nafasi ni 55 kwa mia, yaani kidogo zaidi ya nusu. Muuguzi akarusha akapata 6. Mzee akajaribu kumfunga jeraha; dado ikamkataa. Akarusha tena: 9. Manju alikuwa amekwisha kumaliza uganga wote alio nao. Muuguzi akarusha mara ya tatu, ikaja 4.

Waliobaki wakasema watajitupa mtoni, nami nikawakubalia; maji yakawachukua salama. Mlango huo niliufungua baada ya mtu kufa.

Muuguzi aliikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni. Hakukasirika. Alivaa koti lake, akasimama mlangoni, akasema, "Kazini nautafuta mlango hata mahali usipokuwapo. Hapa ulikuwapo, nawe uliuziba. Nilikuona." Kisha akatutakia usiku mwema, akaenda.

Usiku ule theluji ilikuwa ikianguka, nami nikamsindikiza dada wa Mombasa mpaka kituo cha basi. Tulikwenda kwa muda bila ya neno. Nikaanza kujitetea: nikamweleza ile 900, na ile 1,600, na ile 1,350. Akaniacha niseme mpaka nilipochoka.

"Kaka," akasema, "kwenu mlikuwa mkitega vitendawili?"

"Tulitega, dada. Nani hakutega?"

"Na waliposhindwa kutegua, ulifanyaje?"

"Nilitaka mji. Wakinipa Lamu, nikaenda Lamu nikala nikashiba. Kisha nikarudi nikawapa jibu."

"Jibu ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo, bila ya shaka."

"Basi, kaka, leo ulitega kisichokuwa na jibu. Mtu ategaye akijua hakina jibu hategi; anaiba miji ya watu. Na yule mama, mji aliokupa hukumwuliza ni mji gani."

Basi likaja, akapanda. Mimi nikarudi kwa miguu, na njia nzima nililigeuzageuza neno lile. Lugha yetu imekitia kitendawili na mtego katika kitenzi kimoja: vyote viwili hutegwa, na vyote viwili huteguliwa. Lakini mtegaji wa ndege na mtegaji wa kitendawili hawataki jambo moja. Wa kwanza hutumaini mtego wake usiteguke. Wa pili, ingawa hupenda kupewa miji, hufurahi zaidi mtoto mdogo wa mwisho kwenye mkeka anapopaza sauti na jibu sahihi, maana hapo kitendawili chake kimethibitika kuwa kizuri. Mimi nilikuwa nimekalia kiti cha wa pili kwa moyo wa wa kwanza.

Naona yafaa nimjibu hapa mtu atakayesema: mbona unalilia ugumu? Je, mchezo mwepesi ni bora? La. Gygax mwenyewe aliandika safari iitwayo Tomb of Horrors, iliyochezwa katika mkutano wa wachezaji wa 1975 na kupigwa chapa katika 1978, ambayo mpaka leo hutajwa kwa ukatili wake. Aliitunga kwa ajili ya wachezaji hodari wa meza yake, waliokwisha kuzoea kushinda. Kaburi lile lina maadui wachache. Lina mitego na mafumbo mengi. Twaweza kuilaumu safari ile kwa mambo kadha, lakini katika jambo hili mtungaji alifahamu kazi yake: wenye nguvu nyingi hawajaribiwi kwa kuongezewa wa kupigana nao. Hujaribiwa kwa kupewa jambo ambalo nguvu zao peke yake hazilimalizi. Na kama ndivyo kwa wenye panga, ndivyo kwa wasio na panga. Kumjaribu mtu si kumnyang'anya alicho nacho. Ni kukitaka kwake kile alicho nacho, tena chote, na kumwacha asiwe na hakika kama kitatosha.

Alhamisi iliyofuata muuguzi hakuja. Nikampelekea barua fupi. Sikumwambia kuwa nitamfufua mganga wake. Nilimwambia kuwa nilisema uongo juu ya kanuni, nikautaja uongo wenyewe na ukurasa wa kitabu. Alipokuja juma la pili, niliwaeleza wote vivyo hivyo. Kijana wa hesabu akataka tusahau yote na mganga awe hai. Muuguzi akakataa. "Usinifufue kwa huruma," akasema. "Kama hukumu ilikuwa mbovu, ifutwe hukumu. Kama ilikuwa njema, nimekufa." Ndipo mzee aliyestaafu ualimu akatutolea njia: turudi mpaka neno lake la mwisho, pale alipoyauliza mazimwi yanataka nini, na mwamuzi ampe jibu alilostahili kupewa.

Nikatoa jibu. Mazimwi yalikuwa na njaa. Yalitaka mbuzi watatu kila mwezi, na kijiji cha ng'ambo kilikuwa kimeyaahidi mbuzi hao, kisha kikavunja ahadi. Manju akajadiliana nayo usiku kucha wa mchezo, dado ikimsaidia mara na kumwangusha mara, mpaka zimwi moja likakubali kuwaacha wapite, na la pili likamshika mwizi kuwa rehani mpaka mbuzi wa kwanza afike. Hawakumwaga damu, lakini hawakupita bure. Na mzee alikaa majuma mawili mezani pangu akiwa mateka wa zimwi, akilifundisha kuhesabu.

Nilipopata funzo hilo nilithubutu jambo gumu zaidi, lakini safari hii nilimwuliza kwanza aliyehusika. Nilimwendea muuguzi peke yake, nikamwambia kuwa nataka kuandika safari ya kijiji chenye maradhi, na kwamba humo watu waweza kufa. Kama asingependa, nisingeiandika. Alinyamaza kidogo. "Maradhi siyaogopi," akajibu. "Kufa pia. Niogopacho ni kufanywa nisimame nikitazama."

Kumbe nilikuwa nimemkosea mara mbili. Baada ya usiku ule wa mazimwi nilidhani kwamba moyo wake ulikuwa umechoka na vifo vya hospitali, na kwamba kiapo cha mganga wake kilikuwa mahali pa kuvikimbia. Sivyo. Alikuja mezani kwa sababu mezani, tofauti na wodini, kazi ya mikono yake ingeweza kubadili mwisho. Ndicho nilichomnyang'anya.

Basi nikatunga kitendawili kwa hesabu, kama nilivyotunga kile cha kwanza, lakini hesabu hii nilitaka iteguke. Kwa kanuni za 2014, mtu wa daraja la tatu, awe mganga, manju au mjuzi wa misitu, aweza kutumia uganga wa daraja la pili mara mbili kwa siku, na uganga wa kuondoa maradhi ni wa daraja hilo. Watatu wao, basi, waliweza kuponya wagonjwa 6 kila siku, wala si zaidi. Nikakipa kijiji wagonjwa 24, na nikaamua kwamba kila siku wataugua wengine 6, maana maji yao yalikuwa machafu. Sikuwaambia. Siku ya kwanza waliponya 6, asubuhi wakawakuta 24. Siku ya pili vivyo hivyo. Kijana wa hesabu akaweka kalamu chini, akasema, "Tunafuta maji sakafuni, na bomba liko wazi."

Hapo ndipo jaribu lenyewe lilipoanza. Sharti mmoja aache kuponya, aende kulitafuta chanzo la maji. Mjuzi wa misitu ndiye awezaye kuwauliza ndege na panya maji yanatoka wapi, na mwizi ndiye awezaye kufungua atakachokikuta huko; lakini mjuzi akiondoka, waponywao hubaki 4 kwa siku, na idadi ya wagonjwa itapanda kila asubuhi. Walibishana kwa saa nzima. Mimi sikusema neno, wala sikuwa na haja. Ilikuwa mara ya kwanza niliposikia ukimya wangu ukifaa kuliko maneno yangu. Mwisho wakaenda wawili, wakabaki wawili. Wagonjwa wakawa 26, wakawa 28. Huko mlimani chemchemi ilikuwa imezungushiwa ukuta na tajiri mmoja, mwenye mlango wa chuma na walinzi, naye alitupa humo mizoga ya mifugo yake. Kufuli likamshinda mwizi mara mbili, likafunguka mara ya tatu.

Katika usiku huo wa tatu akafa kikongwe mmoja wa kijijini. Muuguzi ndiye aliyepanga zamu ya kuponywa, kila jioni, kwa uangalifu ulioniogopesha. Na kikongwe yule alikuwa amemweka wa mwisho, nyuma ya watoto. Nilipolitamka jambo hilo nilitetemeka kidogo. Nilitazama kama angeikunja karatasi yake. Hakuikunja. Aliandika jina la kikongwe pembeni mwa karatasi, kisha akasema, "Huyu alikufa sisi tukifanya kazi." Akaniuliza asubuhi wagonjwa ni wangapi.

Nimekwisha kuwa mwamuzi wa meza nyingine tangu hapo, na sitaki kumdanganya msomaji kuwa nimeongoka kabisa. Bado hutokea mchezaji akaleta mtu wa ajabu asiyelingana na safari niliyoiandaa, na jambo la kwanza moyoni mwangu huwa ni ile ile hasira ya mwenye arusi na ng'ombe wake. Tofauti ni kwamba sasa naitambua ijapo. Najiuliza maswali mawili kabla ya kuketi. La kwanza: je, kitendawili hiki nakijua jibu lake, hata kama ni moja tu, hata kama ni la gharama? La pili, lililo gumu zaidi: wakija na jibu ambalo mimi sikulijua, kama mzee alivyokuja na lake, je, nitalipokea?

Swali la pili silo la mchezo tu. Ninyi msomao kurasa hizi, wengi wenu mtakuwa walimu, na watahini, na wakubwa wa ofisi. Mtawatega wengine, na hesabu zenu zitakuwa sahihi. Yawezekana mtihani ukawa wa haki katika kila nambari yake, na bado mtungaji akawa ameutunga huku akimtazama mwanafunzi mmoja na kuuziba kila mlango ambao yule alijua kuufungua.

Wazee walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nilipokuwa mtoto nilidhani methali hiyo yasifu mazimwi. Sasa naiona kuwa inaweka sharti juu yao. Mimi niliwajua watu wangu wanne kuliko zimwi lolote, nikautumia ujuzi huo kuwala wakakwisha. Muuguzi bado huja siku za Alhamisi niendapo kuwatembelea mjini kwao. Karatasi yake ya mganga ina mikunjo miwili isiyonyoka tena, na pembeni lipo jina la kikongwe kwa wino wa buluu. Kila anapoifunua mezani, mimi hukisogeza kitabu karibu na mwanga.